Ujerumani Ikitazamwa kutoka Miteremko ya Kilimanjaro

Kwa muda wa miaka ipatayo thelathini mlima mrefu kuliko yote katika dola ya Ujerumani haukuwa Ulaya. Ulikuwa hapa kwetu, kaskazini mwa mji wa Moshi, na kilele chake kiliandikwa katika ramani za Berlin kwa jina la mfalme wao: Kaiser-Wilhelm-Spitze. Ujerumani iliponyang'anywa makoloni yake kwa mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, heshima hiyo iliurudia mlima Zugspitze, ulioko mpakani mwa Ujerumani na Austria, wenye urefu wa mita 2,962. Mwanafunzi aliyewahi kupanda kutoka kituo cha Mandara, kilichoko kwenye mita 2,720, kwenda Horombo, kwenye mita 3,720, ameupita urefu huo muda mfupi tu baada ya kuanza safari ya siku ya pili, na yumkini hakuna aliyemwambia.

Wanafunzi wetu wengi huijua Ujerumani kama orodha ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani: Rhine, Ruhr, Hamburg, makaa ya mawe. Majina hayo husahaulika upesi kwa sababu hayakushikizwa penye kitu ambacho mwanafunzi amekiona kwa macho yake. Katika makala haya tutaiendea nchi hiyo kwa njia nyingine. Tutasimama Marangu, Kidia na Moshi mjini, mahali ambapo Wajerumani waliacha alama zao, nasi tutaitazama nchi yao kutokea hapo. Baadhi ya alama hizo zinapendeza kuzitazama. Nyingine hazipendezi hata kidogo, lakini nazo ni sehemu ya somo.

Nchi yenyewe

Ujerumani ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 357,000, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya eneo la Tanzania. Ndani ya eneo hilo wanaishi watu wapatao milioni 84, hali Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Inapakana na nchi tisa: Denmark, Uholanzi, Ubelgiji, Luxembourg, Ufaransa, Uswisi, Austria, Cheki na Poland. Tangu tarehe 3 Oktoba 1990, sehemu mbili zilizotengana baada ya Vita Kuu ya Pili zilipoungana tena, ni jamhuri moja ya shirikisho yenye majimbo 16. Vitabu na ramani za kabla ya mwaka huo, ambavyo bado vimo katika maktaba nyingi za shule zetu, huonyesha Ujerumani mbili. Mwalimu awatahadharishe wanafunzi.

Sura ya nchi hupanda kutoka kaskazini kwenda kusini. Kaskazini ni uwanda mpana uliolala kando ya Bahari ya Kaskazini na Bahari ya Baltiki. Katika enzi za barafu uwanda huu ulifunikwa mara kadhaa na mabamba makubwa ya barafu yaliyoteremka kutoka Skandinavia, nayo yalipoyeyuka yaliacha mchanga, udongo na mawe makubwa yaliyosukumwa kutoka mbali. Katikati kuna milima mizee iliyolika, iliyovikwa misitu, kama Harz, ambayo kilele chake Brocken kina mita 1,141. Mlima wa namna hiyo ungekuwa chini ya mstari wa vihamba vya Marangu. Kusini kabisa ndiko kuna ukingo wa Alps na Zugspitze yenyewe.

Mwanafunzi wa Kilimanjaro atapenda kujua kwamba asili ya milima hii miwili haifanani. Kibo, Mawenzi na Shira ni volkano. Miamba yake ilitoka chini ya ardhi ikiwa ya moto. Zugspitze ni mlima wa chokaa. Mawe yake yalijengeka chini ya bahari ya kale, kisha yakakunjwa na kuinuliwa mabara yaliposukumana. Hata hivyo Ujerumani nayo ina volkano zake. Katika eneo la Eifel, magharibi mwa nchi, liko ziwa Laacher See, lililojaa maji ndani ya shimo lililoachwa na mlipuko mkubwa wa miaka ipatayo 13,000 iliyopita. Anayelifahamu Ziwa Chala, upande wa Rombo, hahitaji picha ili kulielewa.

Mto mkuu ni Rhine. Unaanzia Uswisi, unapita magharibi mwa Ujerumani na kuingia Bahari ya Kaskazini kupitia Uholanzi. Meli za mizigo hupanda na kushuka humo mchana na usiku. Danube, kinyume chake, unaanzia kusini-magharibi mwa Ujerumani na kwenda mashariki mpaka Bahari Nyeusi. Hivyo matone mawili ya mvua yanayoanguka karibu karibu katika Msitu Mweusi yanaweza kuishia katika bahari mbili zilizo mbali sana. Kuhusu Ruhr, hapana budi kusahihisha vitabu: ni kweli bonde hilo lilijengwa kwa makaa ya mawe na chuma cha pua, lakini mgodi wa mwisho wa makaa magumu wa Ujerumani, ulioko Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Atakayejibu katika mtihani kwamba watu wa Ruhr leo hii huishi kwa kuchimba makaa hayo atakuwa amejibu swali la zamani.

Jua la Moshi na jua la Zugspitze

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huwatatiza wanafunzi. Ukisimama kwenye mita 2,962 juu ya Mandara, umezungukwa na vichaka vya mibuye na nyasi ndefu mahali msitu unapokoma. Unahitaji sweta, basi. Ukisimama kwenye urefu huo huo juu ya Zugspitze, umesimama juu ya mwamba mtupu, na wastani wa joto la mwaka mzima uko chini ya sifuri. Urefu ni ule ule. Kwa nini joto lisiwe lile lile?

Tunafundisha kwamba joto hupungua kwa wastani wa digrii sita na nusu za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kanuni hiyo ni sahihi, ila inatuambia tu joto linapungua kwa kiasi gani; haituambii tunaanzia wapi. Sisi tunaanzia Moshi, kwenye latitudo ya digrii 3 na dakika 21 kusini mwa Ikweta. Zugspitze iko karibu digrii 47 na nusu kaskazini. Hapo ndipo pembe ya jua inapoingia.

Hebu tufanye hesabu. Saa sita mchana, pembe ya jua juu ya upeo ni digrii 90 kutoa tofauti kati ya latitudo ya mahali na latitudo ambapo jua liko utosini siku hiyo. Tarehe 21 Desemba jua liko utosini kwenye digrii 23.4 kusini. Kwa Moshi tofauti ni digrii 20, basi jua limesimama kwenye digrii 70. Kwa Berlin, iliyo kwenye digrii 52.5 kaskazini, tofauti ni karibu digrii 76, basi jua limeinuka digrii 14 tu juu ya upeo, mfano wa jua letu la saa moja hivi baada ya kuchomoza. Mwale unaofika kwa mlalo kiasi hicho hutawanyika juu ya ardhi pana. Kila mita ya mraba ya ardhi tambarare ya Berlin hupata karibu robo tu ya nguvu inayopata mita ya mraba ya Moshi saa ile ile, hata kabla ya kuhesabu kinachopotea katika safari ndefu zaidi ya mwale kupita angani.

Mwalimu akikomea hapo, darasa litaondoka likidhani Ulaya ni nchi ya jua dogo siku zote. Ni vema aendelee hadi tarehe 21 Juni. Siku hiyo jua liko utosini kwenye digrii 23.4 kaskazini. Kwa Moshi pembe ya saa sita ni digrii 63, na kwa Zugspitze ni digrii 66. Ndiyo kusema katikati ya Juni jua la adhuhuri huko huwa juu zaidi kuliko la Moshi, tena mchana wao ni wa karibu saa 16 na wetu ni wa saa 12. Nimewahi kuona mwanafunzi hodari akikataa katakata kuandika jibu hilo, akidhani amekosea kujumlisha. Hakuwa amekosea. Juni na Julai ni miezi ya baridi na mawingu kwetu, na ni miezi ya mavuno ya jua kwao. Kinachoifanya nchi yao iwe baridi kwa wastani wa mwaka ni ule upungufu mkubwa wa majira ya baridi, ambao siku ndefu za Juni haziwezi kuufidia.

Kutokana na jambo hilo moja hutoka mengi katika maisha ya watu. Berlin ina mchana wa karibu saa 17 mwezi Juni na usiozidi saa 8 mwezi Desemba. Moshi tofauti ya mwaka mzima haifiki nusu saa. Mkulima wa kihamba ana ndizi mwaka mzima, naye hana haja ya ghala kubwa. Mkulima wa Kijerumani wa zamani alikuwa na msimu mmoja wa kuvuna na miezi mirefu ya kula alichokihifadhi: nyama iliyokaushwa kwa moshi, kabichi iliyochachushwa, viazi vilivyofukiwa. Mapishi hayo, ambayo leo mgeni huuziwa hotelini kama utamaduni, yalianza kama njia ya kuvuka majira ya baridi bila njaa.

Barafu mbili zinazopungua

Milima yote miwili ina barafu, na barafu zote mbili zinatoweka. Mwezi Septemba 2022 wanasayansi wa Bavaria walitangaza kwamba barafu ya kusini ya Zugspitze, iitwayo Südlicher Schneeferner, haistahili tena kuitwa mto wa barafu, kwa kuwa imekuwa nyembamba mno na haisogei tena. Kwa upande wa Kibo, kipimo cha mwanzo kinachotegemewa kinatokana na ramani ya mwaka 1912, iliyochorwa kutokana na picha walizopiga Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, ambao mwaka huo huo walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi. Kwa ramani yao barafu ya Kibo ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia mwaka 2007, asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imekwisha. Hans Meyer mwenyewe aliporudi Kibo mwaka 1898, miaka tisa tu baada ya kufika kileleni, aliona kwamba barafu imerudi nyuma.

Tarehe hiyo ya 1898 ni ya maana. Inaonyesha kwamba kupungua kulianza kabla magari na viwanda havijaongezeka sana duniani. Watafiti waliopima kwa vyombo juu ya Kibo wameeleza kwamba hewa ya Afrika Mashariki ilikauka mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na sehemu kubwa ya barafu ikawa inageuka mvuke moja kwa moja chini ya jua kali bila kuwa maji kwanza. Kuongezeka kwa joto la dunia kumekuja juu ya hayo, na barafu iliyodhoofika haina kinga.

Iko dhana nyingine ambayo ni lazima tuiguse, kwa kuwa inasemwa hata na watu wazima: kwamba barafu ikiisha, mifongo ya Wachaga itakauka. Barafu ya Kibo ni ndogo mno kuweza kulisha mito ya mlima. Maji ya mifongo, na ya mto Pangani kwa sehemu kubwa ya chanzo chake, hutoka katika mvua ya ukanda wa msitu, ambao kwenye mteremko wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Anayetaka kuyahofia maji ya Moshi na autazame msitu. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, ambaye amefanya kazi Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, alitangaza na wenzake mwaka 2016 kwamba katika bonde moja la mlima huu kuna mti wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika. Mti mrefu maarufu wa Ujerumani, ulioko Freiburg kando ya Msitu Mweusi, una mita zipatazo 67, nao si wa asili ya huko; mbegu yake ilitoka Amerika Kaskazini.

Waliokuja kuutazama mlima

Mjerumani wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro alikuwa Johannes Rebmann, mmisionari aliyezaliwa Gerlingen, karibu na Stuttgart. Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri wa pwani, aliona weupe juu ya mlima. Wataalamu kadhaa wa London walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Wachaga waliokuwa wakiishi chini ya theluji hiyo hawakuulizwa. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi mita zipatazo 4,200, theluji ikawaangukia usiku, na ubishi ukaisha.

Hans Meyer, mtoto wa ukoo wa wachapaji vitabu wa Leipzig, alikuja mara tatu. Mwaka 1887 alishindwa na barafu. Mwaka 1888 alikamatwa katika vita vya Abushiri, naye aliachiliwa kwa fidia. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo huko Salzburg. Safari hii walipanga kambi moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu, kwa Mangi Marealle. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa shimo la Kibo baada ya saa nyingi za kuchonga vidato katika barafu, lakini siku ilikuwa imekwenda sana wakarudi. Tarehe 6 Oktoba, siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40, walisimama kileleni. Meyer alikadiria urefu kuwa mita 6,010; upimaji wa mwaka 1952 ulitoa mita 5,895 tunazozifundisha. Alichukua jiwe la kilele, akamzawadia Kaiser nusu yake, nalo likawekwa katika ukumbi wa jumba la kifalme huko Potsdam.

Chakula hicho kilipandishwa na nani? Vitabu vya Ulaya vilihesabu watu wawili waliofika juu. Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, ambaye katika sherehe za miaka 100 ya safari hiyo, mwaka 1989, alitambuliwa kama mwongozaji wa msafara. Alifariki mwaka 1996 akiwa mzee sana. Kilele chenyewe kilibadilishwa jina usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipoweka juu yake bendera na mwenge, kikaitwa Uhuru. Kituo kilichoitwa Bismarck sasa ni Mandara, jina la Mangi Rindi wa Moshi. Kile kilichoitwa kwa jina la Carl Peters, mtu aliyewanyonga Mabruk na binti Jagodja karibu na Marangu mwaka 1891 na 1892 na ambaye hata serikali ya Berlin ilimfukuza kazi mwaka 1897, sasa kinaitwa Horombo, mangi wa Keni.

Kimea, kahawa na maneno

Mchaga akienda Bavaria atakuta jambo analolifahamu: watu wanaokaa pamoja kwenye mabenchi marefu kunywa kinywaji cha nafaka. Kanuni ya mbege na ya bia ya Kijerumani ni moja. Nafaka, ulezi kwetu na shayiri kwao, huloweshwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa na kusagwa iwe kimea. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Tofauti ni kwamba Mchaga huongeza ndizi zilizopikwa, zenye sukari yake. Hata uchungu una wenzi wake: Mjerumani hutia maua ya mmea uitwao hopsi, Mchaga hutia gome la msesewe. Bavaria waliandika sheria mwaka 1516 kwamba bia isitiwe kitu ila shayiri, hopsi na maji. Hamira haikutajwa. Ilifanya kazi yake bila kibali. Darasa la kemia linaweza kuthibitisha kazi ya kimea kwa uji mzito wa mahindi na tone la iodini, bila kutengeneza kileo chochote: gawanya uji uliopoa kiasi cha kugusika katika vyombo viwili, tia unga wa kimea katika kimoja, ngoja nusu saa, kisha linganisha rangi.

Kahawa ilienda upande wa pili. Mibuni ilipandwa kwanza na wamisionari wa Kikatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea katika vihamba, na mwaka 1933 wakulima wakaunda chama kikuu cha ushirika, KNCU. Ujerumani ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa mbichi duniani, na bandari yake ni Hamburg, ambapo maghala ya matofali mekundu ya zamani yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Kahawa hukaangwa huko, na faida ya ukaangaji hubaki huko pia.

Katika lugha, Mjerumani alituachia machache, lakini yanatumika kila siku. Shule ni Schule yao. Hela ni Heller, sarafu ndogo ya shaba iliyoingizwa mwaka 1904. Sarafu ilikufa, jina likabaki. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mmoja wao, Bruno Gutmann, aliishi Kidia miaka mingi akiandika sheria na mila za Wachaga kwa undani ambao wasomi bado wanautumia, ingawa msomaji atagundua kwamba aliipenda jamii ya zamani kuliko vijana waliotaka kuibadilisha. Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas huko Leipzig tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Tuni za kikorali alizozitumia huimbwa hadi leo Jumapili asubuhi katika sharika za mlimani, kwa Kiswahili na Kichaga.

Mji wa Moshi wenyewe uko pale ulipo kwa sababu ya reli. Moshi ya awali ilikuwa juu, Kidia. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika chini ya mlima mwaka 1911, na mji ukateremka kuifuata stesheni.

Watalii wa nchi mbili

Wajerumani ni watu wa kupanda milima. Chama chao cha wapanda Alps kilianzishwa mwaka 1869, nacho kilieneza desturi ya kujenga vibanda vya kulala kwa mwendo wa siku moja moja. Anayelala Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo anafuata desturi hiyo. Kwao, hata hivyo, walikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1930 treni ya meno hupanda Zugspitze, na vibebeo vya kamba ya chuma huwafikisha kileleni watu waliovaa viatu vya mjini. Mwaka 2019 serikali yetu ilipotangaza kwamba inachunguza uwezekano wa kuweka chombo kama hicho Kilimanjaro, wapagazi na waongozaji walipinga wakihofia kazi zao. Wana haki ya kuhofu. Tena liko jambo la afya: Zugspitze haifiki mita 3,000, na mgeni anaweza kupandishwa kwa dakika kumi bila madhara makubwa, mwili unaopelekwa ghafula juu ya mita 4,000 ni jambo jingine.

Mtanzania atakayetembelea Ujerumani ataonyeshwa kanisa kuu la Köln, lililoanza kujengwa mwaka 1248 na kumalizika mwaka 1880, na ngome ya Neuschwanstein, ambayo kwa sura ni ya zama za kale ila ilianza kujengwa mwaka 1869 tu. Huko Berlin, katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, atakuta mifupa ya dinosau iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikiwa imesimama kwa urefu wa zaidi ya mita 13.

Na katika ghala za mji huo huo kuna vitu ambavyo hataonyeshwa. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya zamani, Wajerumani waliwanyonga watu 19 wakiwamo Mangi Meli wa Moshi, Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Meli ndiye aliyewashinda vitani mwaka 1892 kabla hawajarudi na nguvu kubwa zaidi mwaka uliofuata. Familia husimulia kwamba vichwa vilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kwa miaka mingi masimulizi hayo hayakupata msikilizaji. Taasisi ya urithi wa utamaduni wa Prussia, iliyo Berlin, ilipoanza mwaka 2017 kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki yaliyokusanywa enzi za ukoloni, ilianza na maandishi yaliyoandikwa juu ya mifupa, kisha ikaendelea na vinasaba. Mwezi Septemba 2023 ilitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu vimelingana na vya watu walio hai Tanzania, na fuvu moja lilikuwa la akida wa Mangi Meli. Fuvu la Meli halikuwamo. Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha huko Songea kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika vita vya Majimaji.

Mafuvu hayo yalichukuliwa kwa jina la sayansi. Wapimaji wa wakati ule waliamini kwamba kwa kupima mifupa ya kichwa wangeweza kupanga watu katika daraja, na hawakujali ni ya nani wala ilipatikanaje. Sayansi nyingine, ya vinasaba, imetumika kuyarudishia baadhi yao majina. Mwalimu wa biolojia anaweza kulifundisha jambo hili pamoja na urithi wa sifa: kwa nini kizazi cha nne au cha tano bado kinaweza kulinganishwa na babu, na ni sehemu gani ya vinasaba hupita kwa mama peke yake au kwa baba peke yake.

Zoezi

Chora mstari wima, sentimita moja kwa kila mita 500. Weka juu yake Moshi mjini, Brocken, Mandara, Zugspitze, Horombo na Uhuru. Kisha kokotoa pembe ya jua la saa sita kwa Moshi na kwa Leipzig (digrii 51.3 kaskazini) tarehe 21 Machi, na ueleze kwa nini siku hiyo mchana wa miji yote miwili huwa karibu sawa ingawa pembe zake zinatofautiana sana. Mwisho, waulize wazee wa nyumbani majina ya watu wa ukoo waliobeba mizigo mlimani au waliopelekwa mbali enzi za Wajerumani, na uyaandike pamoja na jina la aliyekusimulia na tarehe.